Namna ya kupima hatari ya mshubiri adimu kung'olewa porini

Shimo la mshubiri ulioibwa halikai wazi muda mrefu. Siku za mwanzo udongo bado mbichi, mizizi iliyokatwa imechomoza kama nyuzi za gunia, na kando yake utakuta majani mawili matatu ya chini ambayo mwizi aliyapunguza ili mzigo uwe mwepesi. Zikipita mvua mbili, nyasi zimefunika, na atakayekuja mwezi ujao ataapa kwamba hapo hapakuwahi kuwa na kitu. Mimi na wenzangu tuliyakuta mashimo kumi na moja ya namna hiyo kwenye ukingo wa jabali moja mashariki mwa Uganda, mahali ambapo sitapataja. Tulijua kilichokosekana kwa sababu wiki tatu kabla tulikuwa tumepita hapohapo na daftari. Bila ile hesabu tusingekuwa na la kumwambia mtu yeyote.

Mwongozo huu ni kwa vikundi vya mazingira, wanafunzi, walinzi wa misitu na mtu yeyote aliye karibu na mmea adimu wa majani manene, uwe mshubiri, mmea wa jamii ya mnyaa au waridi la jangwani. Nitatumia mshubiri kama mfano maana ndio ninaoujua vizuri. Kazi yote inataka watu wawili au watatu, daftari, rula, kamba ya mita hamsini, simu yenye GPS, na siku nne au tano za kutembea. Nitakalolisisitiza tangu sasa ni hili: uhaba peke yake hautoshi kukuambia mmea uko hatarini. Kuna mimea michache sana inayokaa salama kwenye genge lisilofikika, na kuna mingi inayokwisha kwa msimu mmoja kwa sababu iko kando ya njia.

Kabla ya kupanda

Anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na mwenye shamba. Kama mlima ni msitu wa hifadhi, nenda ofisi ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Kama ni hifadhi ya wanyamapori, nenda Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Ukiwa unafanya utafiti rasmi, kibali hutolewa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Usiione hii kama usumbufu. Watu wanaopanda jabali na mifuko bila kuaga ndio haohao tunaowatafuta, na mwanakijiji hana namna ya kukutofautisha nao.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mmea gani

Watu wengi wakisikia mshubiri wanafikiria alovera ya sabuni na juisi. Ile asili yake ni Bara Arabu. Uganda ina mishubiri yake, mingine ya kawaida kabisa inayoota ovyo kando ya njia, mingine haipatikani kokote duniani isipokuwa kwenye kilima kimoja. Ikiwa michanga bado, hufanana mno.

Piga picha ya mmea mzima, ya jani upande wa juu na wa chini, ya miiba ya pembeni, ya shina lote la maua, na ya ua moja karibu kabisa likiwa limelazwa kwenye rula. Bila maua usiape. Wapelekee picha hizo wataalamu wa hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Chuo Kikuu cha Makerere. Usiung'oe mmea ili kuuthibitisha. Huo utakuwa ni wizi wenye nia njema, na kwenye jabali lenye mimea sitini hata mmoja ni mwingi.

Waulize wazee pia jina lake la kienyeji na matumizi yake. Mara nyingi wao ndio wanaojua kwamba kuna aina mbili pale ambapo wewe unaona moja.

Hatua ya 2: Tafuta kama mwizi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami naiweka mapema makusudi. Kaa chini na simu kwa nusu saa, jifanye hujawahi kufika, kisha uone utakaribia kiasi gani.

Tatizo la kwanza utalikuta kwenye jina lenyewe. Mshubiri wa Jabali la Tororo uliandikwa na mtaalamu wa mishubiri Reynolds mwaka 1953 kwa jina la Aloe tororoana. Kuna Aloe amudatensis, na hapo Amudat imeshatajwa. Kuna Aloe labworana, wa vilima vya Labwor. Waliotoa majina hayo walikuwa wanaheshimu mahali, na enzi hizo hakuna aliyewaza kwamba mtu wa bara jingine angeweza kuagiza mmea kwa kubonyeza kioo. Leo jina la aina hiyo ni nusu ya ramani, wala haliwezi kufutwa. Kwa hiyo mmea wenye jina la mahali, tena mahali padogo, upewe alama ya juu ya hatari tangu mwanzo.

Kisha tazama picha. Mwenzetu mmoja alituma kwenye kundi la WhatsApp picha nzuri sana ya mshubiri uliochanua. Hakuandika mahali. Lakini nyuma ya maua ulionekana mlingoti wa simu na paa jekundu la shule, na kwa mtu wa upande huu hiyo ni anwani kamili. Siwezi kuthibitisha kwamba picha ile ndiyo iliyoleta wale watu. Tulimwomba aifute, akaifuta, ila ilikuwa imeshapita kwenye makundi mengine manne tunayoyajua.

Andika majibu ya maswali haya matatu: Je, mgeni anaweza kujua wilaya? Anaweza kujua kilima? Anaweza kujua upande wa kilima? Ikiwa jibu la tatu ni ndiyo, chukulia kwamba mahali pameshajulikana. Ukiweka picha iNaturalist, ule mtandao wa kuweka picha za mimea na wanyama, hakikisha mahali pamefichwa. Mfumo huo unaweza kuitupa alama popote ndani ya mraba wa karibu kilomita ishirini kwa ishirini. Na ujue kwamba WhatsApp huondoa taarifa za mahali ukituma kama picha ya kawaida, lakini huziacha ukituma kama faili.

Hatua ya 3: Pima eneo

Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, hugawa ramani kwa miraba ya kilomita mbili kwa mbili, halafu huhesabu miraba yenye mmea. Mraba mmoja ni kilomita za mraba 4. Chini ya kilomita za mraba 10 ni ngazi ya juu kabisa ya hatari, chini ya 500 ni ya pili, chini ya 2,000 ni ya tatu. Jabali moja huingia kwenye mraba mmoja au miwili, kwa hiyo utajikuta kwenye ngazi ya juu bila jasho. Lakini eneo dogo peke yake halitoshi. Lazima uonyeshe mambo mawili kati ya haya matatu: kwamba mmea uko mahali pamoja tu au umetawanyika vipandevipande, kwamba unapungua, au kwamba idadi yake inapanda na kushuka kupita kiasi.

Angalia neno mahali. Kwa IUCN, mahali huhesabiwa kwa tishio. Vilima vitatu vinavyotazamana, vyenye njia moja ya bodaboda kutoka barabara kuu, ni mahali pamoja, kwa sababu kundi moja la wezi linaweza kuvimaliza vyote kwa wikendi moja. Mimi nimeona ripoti zinazohesabu vilima vitatu kama mahali patatu, na mmea ukaonekana una nafuu ambayo hauna.

Hatua ya 4: Hesabu kwa ukubwa

Hapa usiharakishe. Idadi ya jumla hudanganya.

Tandaza kamba kwenye ukingo, tembea mita mbili kila upande, na kila mmea uuweke kwenye moja ya mafungu matatu: miche isiyozidi upana wa kiganja, mimea ya kati, na iliyokomaa. Iliyokomaa ni ile iliyowahi kuchanua; tafuta shina kavu la maua la mwaka huu au kisiki cha la mwaka jana katikati ya majani. Mishubiri mingi hutoa watoto pembeni, na kichaka chenye vichwa saba kinaweza kuwa mmea mmoja. Andika vyote viwili, vichwa na vichaka.

Kwa nini vichaka? Kwa sababu mishubiri mingi haizai kwa poleni yake yenyewe. Inamhitaji jirani asiye pacha wake, na inamhitaji chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, au nyuki, wabebe poleni kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Mimea ikibaki michache na mbalimbali, unaweza kukuta maua yamejaa lakini matunda hakuna. Kwa hiyo hesabu na matunda. Shina lenye maua arobaini na vitumba viwili tu vya mbegu linakuambia kwamba mmea uko hai lakini ukoo umeanza kukatika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Umepata mimea 212: miche 113, ya kati 38, iliyokomaa 61. Kwa mtu asiyejua, 212 ni mingi. Lakini miche mingi hufa kwa jua na mbuzi kabla ya kufika popote, na kipimo cha IUCN kinahesabu iliyokomaa peke yake: chini ya 50 ni ngazi ya juu, chini ya 250 ni ya pili, chini ya 1,000 ni ya tatu. Mimea yako 61 iko kwenye ngazi ya pili. Sasa jiulize mwizi atachukua ipi. Atachukua iliyokomaa, yenye umbo zuri, iliyochanua, kwa sababu ndiyo inayouzika kwa picha. Akichukua 12 tu, umeshuka hadi 49. Kwa mshubiri wa aina ndogo, mimea 12 iliyokomaa ni mzigo wa begi moja la shule.

Hesabu hiyo ndiyo moyo wa tathmini yote: ni safari ngapi za mtu mmoja mwenye begi zinatosha kuushusha mmea ngazi moja? Ikiwa jibu ni moja, andika hivyo kwa maneno hayohayo kwenye ripoti. Ofisa ambaye hatasoma jedwali ataielewa sentensi hiyo.

Hatua ya 5: Tembea na saa

Shuka hadi barabara ya karibu inayopita gari au bodaboda, washa saa, panda hadi mmea wa kwanza ulio mkubwa. Andika dakika. Andika kama ulihitaji mikono, kama kuna ngazi, kama njia inapita kwenye ua wa mtu. Nyumba moja yenye bibi anayekaa barazani ina ulinzi kuliko kibao cha hifadhi.

Kisha pima ubebekaji. Mimea hii ina balaa moja: maumbile yanayoisaidia kuvumilia ukame ndiyo yanayoifanya iibike. Mshubiri uliong'olewa, ukafungwa kwenye gazeti na kutiwa ndani ya boksi, unaweza kukaa wiki kadhaa bila maji wala udongo na bado ukashika. Mmea wa majani laini ungekuwa umekufa. Pima upana wa mimea iliyokomaa: inayoingia kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, iko hatarini zaidi ya inayohitaji gunia, na inayohitaji gunia iko hatarini zaidi ya ile inayohitaji watu wawili.

Hatua ya 6: Soma soko

Usidhani kwamba sisi tuko mbali na mambo haya. Tangu 2019 vyombo vya dola vya Afrika Kusini na wenzao vimekamata zaidi ya mimea milioni moja ya majani manene iliyong'olewa porini, mingi ikiwa ni Conophytum, vimea vidogo kama kokoto, vilivyokuwa vikienda kwa wakusanyaji wa nje. Mwaka 2020 polisi wa Italia walikuta kaktasi zaidi ya 1,000 za Chile kwa mkusanyaji mmoja, na mwaka uliofuata mamia zilirudishwa kwao. Mtindo huhama. Mmea ambao hakuna aliyeutaka mwaka juzi unaweza kuwa wa kugombaniwa leo, hasa ukishaandikwa kwamba ni adimu.

Kwenye mitandao tafuta jina la kisayansi na majina ya biashara. Hifadhi nakala ya tangazo, tarehe na bei, usimwandikie muuzaji, na usinunue hata kwa nia ya kukusanya ushahidi. Hiyo ni kazi ya wachunguzi. Kisha tazama mmea wenyewe kwenye picha. Uliokuzwa bustanini huwa na majani yaliyolingana, safi, na mizizi iliyojikunja kwa umbo la chungu. Uliotoka porini una makovu, ncha zilizoungua na jua, alama za meno ya wadudu, majani makavu ya miaka mingi yaliyoshikamana chini, na mizizi minene iliyokatwa ghafla. Mara nyingine udongo wa kwao bado umeshika, na mtu wa mahali ataujua kwa rangi. Ishara moja haitoshi, maana kuna wakuzaji wanaoutesa mmea kwa jua ili ufanane na wa porini. Ukipata tatu au nne kwa pamoja, ripoti.

Utambue pia kwamba kuna uvunaji wa aina mbili, na alama zake hazifanani. Anayetaka utomvu wa shubiri hukata majani na kuuacha mmea, mara nyingi bila kuua. Anayeuzia wakusanyaji huondoka na mmea mzima. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini mwaka 1986 kwa sababu ya biashara ya utomvu, halafu mwaka 2007 ikaweka kanuni za kuruhusu uvunaji wenye utaratibu. Sisi tulio mpakani hatuwezi kupima upande wetu kana kwamba mpaka ni ukuta. Kwenye daftari weka safu mbili: majani yaliyokatwa, na mashimo.

Hatua ya 7: Keti na watu

Usiulize "nani anaiba?" Hakuna atakayekujibu, na anayejibu anaweza kuwa na ugomvi wake na jirani. Sisi huanza mbali. "Mzee, habari za leo. Huu mmea mnautumia kwa nini hapa?" Baada ya dawa ya vidonda na ya kuku, mazungumzo hujiendea. Mzee mmoja alituambia bila kuulizwa: "Walikuja vijana wawili na pikipiki, wakasema wanataka maua ya kupanda hotelini. Waliwapa watoto elfu mbili kwa kila mmoja." Shilingi elfu mbili. Watoto walikuwa wamewaonyesha njia na kubeba mifuko.

Taarifa kama hiyo ina uzito mkubwa kwenye tathmini. Inaonyesha kwamba bei ya kijijini ni ndogo na anayesaidia ni mtoto mwenye njaa ya kalamu na mandazi. Usiandike jina la mtu yeyote. Andika "mkazi, mzee" na tarehe, basi. Mtu aliyekuamini asije akaitwa polisi kwa sababu ya daftari lako.

Hatua ya 8: Sheria

Kwa ufupi. Mishubiri yote isipokuwa alovera yenyewe imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mingi Kiambatisho cha II na michache Kiambatisho cha I, chenye masharti makali zaidi. Uganda ilijiunga mwaka 1991. Kuupeleka mmea wa porini nje kunahitaji kibali, na kibali kinataka uthibitisho kwamba ulipatikana kihalali na kwamba kuuchukua hakutaudhuru uzao wake porini. Mamlaka ya CITES nchini iko Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale. Mbegu za mishubiri ya Kiambatisho cha II zimeachwa nje ya udhibiti huo, jambo linaloweza kusaidia wakuzaji halali ila linafungua mlango mwingine, kwa hiyo andika pia kama vitumba vya mbegu vinachumwa. Humu ndani tuna Sheria ya Wanyamapori ya 2019, ambayo pamoja na jina lake inagusa mimea pori, na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka huohuo.

Swali la tathmini si kama sheria ipo. Uliza ofisi ya karibu iko kilomita ngapi, na kama askari wa kizuizi cha barabarani akifungua boksi atajua anachokiona. Tuliwahi kuonyesha picha kwa maofisa kadhaa. Pembe za ndovu wote wanazijua. Mshubiri waliuita "maua".

Hatua ya 9: Toa hukumu, kisha andika ripoti mbili

Usijumlishe alama kama mtihani wa shule. Hatari hizi huzidishana. Mmea unaojulikana mahali pake, wenye mimea michache iliyokomaa, unaofikika kwa dakika arobaini, unaoingia kwenye kaveera na ulioanza kutajwa sokoni uko hatarini hata kama hujaona shimo hata moja. Ukikosa kimojawapo kati ya hivyo, hasa kufikika, hatari hushuka sana. Machimbo ya mawe, moto na mbuzi yaandike pia, kwa sababu mmea uliokwisha kudhoofika hauvumilii wizi mdogo.

Ripoti ya kwanza ni ya wazi: jina, idadi, mafungu ya ukubwa, hukumu yako na sababu zake, wilaya tu. Ya pili ina ramani, nambari za GPS na njia, na inakwenda kwa watu wanaohesabika kwa vidole: ofisi husika, Makerere, mwenyekiti wa kijiji akikubali. Iwekewe neno la siri, isitumwe kwenye kundi lolote. Picha za ripoti ya wazi zikatwe hadi libaki jani na ua, mlingoti na paa vitoke.

Tarehe ya kurudi iandikwe kabla hamjashuka mlimani. Sisi hurudi maua yanapoanza, maana ndio wakati mmea unapoonekana kwa mbali na wezi nao huuona, halafu tena mbegu zinapokomaa. Kila tukifika tunaanza na mashimo, kabla ya kuhesabu kingine chochote, na kila shimo tunaliwekea jiwe dogo lenye tone la rangi, ili nyasi zikishafunika tuendelee kujua mmea ulisimama wapi.